Sura ya Saba: Msubiri Afungue Mkia

Kila mwaka, kuanzia mwishoni mwa Septemba, juu ya vichuguu na mawe ya uwanda wa Athi na Kapiti, kusini mwa Nairobi, huonekana ndege wadogo wa hudhurungi ambao mwezi Agosti hawakuwapo. Husimama wima, hukimbia hatua kadhaa, husimama tena, huinama kudonoa mdudu, kisha huruka chinichini na kuonyesha kiuno cheupe kinachong'aa. Wengi wetu huishia hapo: ndege wa hudhurungi, kiuno cheupe, basi. Lakini katika juma moja uwanda huohuo unaweza kuwa na aina tatu au nne tofauti. Mmoja katoka Alaska, mwingine nyika za Asia ya Kati, mwingine kazaliwa palepale ndani ya shimo la panya. Kwa mtu asiyejua pa kutazama, wote ni yuleyule.

Wataalamu huwaweka katika jenasi Oenanthe. Zamani walihesabiwa kuwa jamaa za mikesha. Leo, baada ya uchunguzi wa vinasaba, wamo katika familia ya Muscicapidae, pamoja na shore wanaokamata nzi hewani. Katika sura hii nitawaita viunovyeupe, na kila aina nitaiongezea sifa yake: kiunocheupe wa kaskazini (Oenanthe oenanthe), kiunocheupe wa mchanga (Oenanthe isabellina), kiunocheupe wa rangi mbili (Oenanthe pleschanka) na kiunocheupe wa kofia (Oenanthe pileata). Watatu wa kwanza ni wageni wa msimu. Wa nne ni mwenyeji. Yupo na wa tano, wa Schalow, ambaye nitamfikia.

Shauri langu kwa sura nzima ni hili: rangi ya mgongo iache mwisho. Anza na mkia, kisha tazama namna ndege anavyosimama na kutafuta chakula, kisha uso, na ndipo urudi kwenye rangi kuona kama inakubaliana na hayo mengine. Vitabu vingi vya picha huwafundisha watu kinyume chake, kwa sababu kitu cha kwanza ambacho picha humpa msomaji ni rangi. Uwandani, rangi hubadilika kila saa. Jua la saa kumi na mbili jioni humfanya ndege wa kijivu aonekane wa dhahabu, na la saa sita mchana humfanya wa dhahabu aonekane mweupe. Juu ya hayo, manyoya huchakaa. Ndege aliyefika Oktoba na ndege huyohuyo mwezi Machi wanaweza kuonekana kama aina mbili.

Mkia hauna matatizo hayo. Viunovyeupe karibu wote wana mpangilio mmoja: kiuno cheupe kinachoendelea hadi kwenye mashina ya manyoya ya mkia, halafu weusi unaochora herufi T iliyopinduliwa. Utepe mweusi unaopita ncha ya mkia ndio kichwa cha T. Manyoya mawili ya katikati, meusi karibu urefu wote, ndiyo mguu wake. Tofauti zinazotusaidia ni mbili: upana wa utepe na urefu wa mguu.

Kwa kiunocheupe wa kaskazini, utepe ni mwembamba na mguu wa T ni mrefu, unazidi upana wa utepe waziwazi. Weupe unatawala mkia, kwa hiyo anaporuka kukuacha unaona zaidi weupe kuliko weusi. Kwa kiunocheupe wa mchanga mambo yanageuka: utepe ni mpana sana, unameza karibu nusu ya mkia, na mguu wa T umebaki kisiki kifupi tu. Anaporuka unaona mkia mweusi wenye shina jeupe. Wa rangi mbili ana alama yake ya pekee. Katika manyoya ya pembeni kabisa, weusi hupanda juu kufuata ukingo wa mkia, ilhali katikati ya kila upande utepe ni mwembamba na usio sawa, mahali pengine karibu unakatika. Kiunocheupe wa kofia ana kiuno cheupe lakini mkia wake ni mweusi karibu wote, weupe ukionekana kidogo tu pembeni karibu na shina. Na ukikutana kaskazini mwa Kenya na ndege wa namna hii mwenye mkia mweusi wote hadi kwenye kiuno, bila T yoyote, simama na upige picha nyingi uwezavyo. Huenda ni kiunocheupe wa jangwani (Oenanthe deserti), mgeni adimu sana kwetu.

Ugumu ni kwamba ndege aliyesimama amefunga mkia, na mkia uliofungwa hauonyeshi lolote. Subira ndiyo kazi yenyewe. Usimkimbilie ili aruke, kwa sababu ndege anayekimbia hatari huonyesha mkia kwa nukta moja tu na kwa pembe mbaya. Kaa chini, umbali wa hatua thelathini au arobaini, darubini ikiwa tayari machoni, na umwache aendelee na shughuli zake. Mara nyingi atatua juu ya jiwe, na kila anapotua hufungua mkia ili kujisawazisha. Hapo ndipo pa kutazama: wakati wa kutua, si wakati wa kuruka. Wenye kamera wapige mfululizo wa picha anapokaribia kutua. Picha moja ya mkia uliofunguka, hata ikiwa haijatulia vizuri, ina thamani kuliko picha ishirini nzuri za ndege aliyesimama.

Kabla sijaendelea na alama nyingine, niseme kwa nini inafaa kujisumbua hivi.

Kiunocheupe wa kaskazini ana uzito wa gramu 25 hivi. Huzaliana katika eneo kubwa mno, kuanzia mashariki ya Kanada na Greenland, kupitia Ulaya na Asia ya kaskazini, hadi Alaska, na karibu wote hutumia majira ya baridi ya kwao hapa Afrika. Kwa muda mrefu watu waliamini hivyo kwa kuunganisha ushahidi wa hapa na pale. Mwaka 2012 mtafiti Mjerumani Franz Bairlein na wenzake walichapisha matokeo ya ndege waliofungwa vifaa vidogo vya kurekodi mwanga mgongoni, vyenye uzito wa zaidi kidogo ya gramu moja. Kifaa hicho huandika saa za macheo na machweo, na kutokana na saa hizo hukadiriwa ndege alikuwa wapi duniani. Ndege watatu wa Alaska waliopatikana tena walikuwa wamevuka mlango wa bahari wa Bering, wakapita Siberia na Asia ya Kati, wakavuka jangwa la Arabuni, wakaingia Afrika Mashariki: Sudan, Uganda, Kenya. Safari ya kuja ilikuwa ya kilomita 14,500 hivi na ilichukua takriban miezi mitatu. Kurudi kulichukua chini ya miezi miwili. Ndege wa nne, wa Kisiwa cha Baffin huko Kanada, alielekea upande mwingine kabisa: alivuka Atlantiki hadi Uingereza kwa siku nne hivi, kisha akashuka hadi pwani ya Mauritania.

Fikiria basi yule ndege aliyesimama juu ya kinyesi cha ng'ombe nje ya boma huko Kajiado. Huenda ametoka kwenye ardhi iliyo karibu na ncha ya dunia, akisafiri usiku, peke yake, bila mzazi wa kumwonyesha njia. Wakati huohuo, hatua mia moja kutoka kwake, yupo ndege anayefanana naye sana ambaye hakuona Alaska kamwe. Tukiwaandika wote chini ya jina moja, tumepoteza habari zao wote wawili.

Turudi basi kwa hao wawili, wa kaskazini na wa mchanga, kwa maana hapa ndipo penye mkanganyiko mkubwa kuliko kote. Dume la kaskazini lililokwisha kuvaa mavazi ya kuzaliana, kwa kawaida kuanzia Februari hadi siku za kuondoka, halina shida: mgongo wa kijivu, mabawa meusi, barakoa nyeusi machoni. Majike na makinda ya Oktoba ndiyo yanayosumbua, maana wa mchanga hana tofauti kubwa kati ya dume na jike, na mwaka mzima huvaa mavazi yaleyale ya rangi ya mchanga.

Anza na umbo. Kiunocheupe wa mchanga ni mkubwa kidogo, kichwa chake ni kikubwa na mdomo ni mzito zaidi. Miguu ni mirefu, na sehemu ya juu ya mguu huonekana wazi chini ya tumbo. Mkia ni mfupi. Akisimama, hunyooka wima kabisa, na kwa sababu ya mkia mfupi na miguu mirefu, nafasi kati ya ncha ya mkia na ardhi ni kubwa. Wa kaskazini naye husimama wima anaposhtuka, kwa hiyo usihukumu kwa nukta moja. Mwangalie akiwa ametulia, utaona anarudi kwenye mlalo zaidi. Kwa kukimbia, wa mchanga ni bingwa. Hukimbia masafa marefu kwenye udongo mtupu, husimama ghafla, hutikisa mkia juu na chini kwa nguvu, hukimbia tena.

Kisha bawa. Kwa wa kaskazini, mabawa ni meusi au ya hudhurungi nzito kuliko mgongo. Hata kinda lenye kingo pana za rangi ya maziwa na chai huonyesha, ukitazama kwa makini, kiini cheusi katika kila unyoya. Kwa wa mchanga, bawa na mgongo vina rangi karibu moja, na katika upande huo wote mkavu wa rangi moja hujitokeza doa moja dogo jeusi kwenye kona ya mbele ya bawa, yale manyoya mafupi yaliyo mahali ambapo kwa binadamu pangekuwa na kidole gumba. Ukiliona doa hilo limesimama peke yake, umekaribia jibu. Akiruka juu yako, tazama chini ya bawa pia: la mchanga ni jeupe linalopitisha mwanga, la kaskazini lina kijivu kilichochanganyika.

Mwisho uso, hasa ule mstari mweupe wa nyusi. Kwa wa mchanga mstari ni mpana na mweupe zaidi mbele ya jicho, juu ya mdomo, kisha hufifia nyuma. Kwa wa kaskazini huwa kinyume: mbele una umanjano hafifu, na nyuma ya jicho unapanuka na kuwa mweupe. Hii ni alama nzuri, ila inahitaji ndege aliye karibu na mwanga wa upande. Mimi huitumia kuthibitisha, siitumii kuamua. Sauti haisaidii sana. Wote wawili hutoa mlio mkavu wa "tak, tak" kama vijiwe vinavyogonganishwa.

Kiunocheupe wa rangi mbili ana shida ya aina nyingine. Huyu huzaliana kuanzia pwani ya Bahari Nyeusi, Bulgaria na Romania, hadi Mongolia na kaskazini mwa China, na karibu wote huja kukaa kaskazini-mashariki mwa Afrika: Ethiopia, Somalia, Kenya na kaskazini mwa Tanzania. Dume la Machi ni ndege mzuri sana, mgongo, koo na mabawa meusi tititi, utosi mweupe. Lakini dume hilohilo lilipofika Oktoba lilikuwa la hudhurungi-kijivu, kwa sababu kila unyoya mweusi ulikuwa na ukingo mpana wa rangi ya vumbi. Halibadilishi manyoya hayo. Kingo husagika kidogokidogo kwa jua, upepo na mchanga, na weusi uliokuwa chini hutokea, kama mbao nzuri inavyotokea rangi kuukuu ya mlango inapobambuka. Kwa hiyo Novemba na Desemba utaona madume ya kila hatua, mengine yakiwa na koo lenye magamba ya rangi mbili, na mtu akiyapanga kwa rangi anaweza kudhani ameona aina tatu.

Jike lake ni la hudhurungi ya kijivu yenye ubaridi, bila ule ujoto wa rangi ya mchanga. Koo na kidari vina giza zaidi kuliko tumbo, na mara nyingi giza hilo hukoma kwa mpaka unaoonekana. Linganisha na jike la kaskazini, ambalo chini yake rangi hufifia polepole kutoka kidarini hadi tumboni bila mpaka.

Lakini mimi humtambua wa rangi mbili mara nyingi kabla sijaona rangi yoyote, kwa mahali alipokaa. Miguu yake ni mifupi, naye si mkimbiaji. Hukaa juu ya kitu: kijiti, tawi la chini la mgunga, waya wa uzio, jiwe refu. Kutoka hapo hutazama chini, hushuka kama aliyetupwa, hudaka mdudu na kurudi juu. Wa mchanga yuko uwanjani anakimbia; wa kaskazini yu katikati, hufanya yote mawili. Watafiti wa Kijerumani waliowachunguza hawa watatu nchini Kenya, na kuchapisha kazi yao mwaka 1983, walionyesha kwamba namna hizi za kuwinda zinaenda sambamba na maumbo yao, na kwamba hata wakiwa ugenini kila ndege hulinda eneo lake, si dhidi ya wa aina yake tu bali hata dhidi ya aina nyingine.

Jambo hilo la mwisho lina faida kubwa kwa mtazamaji. Ndege aliyechagua kichuguu chake mwezi Novemba ana uwezekano mzuri wa kuwa hapohapo Januari. Kama leo hukuuona mkia, rudi kesho. Kama kesho upepo ulikuwa mkali, rudi Jumapili. Wanaoishi karibu na uwanda, wachungaji hasa, wana nafasi bora kuliko mtalii yeyote mwenye darubini ya bei kubwa, kwa sababu wanamwona ndege yuleyule asubuhi na jioni kwa miezi mitano.

Sasa wenyeji. Kiunocheupe wa kofia aliyekomaa hatambuliwi vibaya: paji jeupe, utosi mweusi, na mkanda mweusi mpana kifuani. Utamwona katika Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, nyanda za Narok, kreta ya Ngorongoro na Serengeti, na huko kusini hadi Afrika Kusini. Hupenda ardhi iliyoungua na nyasi zilizoliwa hadi chini, hutaga ndani ya mashimo ya panya, na ni mwigaji hodari wa milio ya ndege wengine. Mtego ni kinda lake. Halina mkanda kamili, lina ukungu tu wa madoadoa kifuani na mgongo wa hudhurungi, na mtu anayeutegemea mkanda huo kwa kila kitu humwandika kinda huyo kama mgeni wa kaskazini. Hata hivyo mkia unaondoa shaka: karibu wote ni mweusi. Na kalenda nayo inasema. Ukiona "mgeni" mwezi Juni au Julai, mfikirie mwenyeji kwanza, kwa sababu wageni wako kwao wanalea.

Kiunocheupe wa Schalow anastahili safari maalumu. Eneo lake ni dogo, yaani Bonde la Ufa la kusini mwa Kenya na nyanda za juu za kaskazini mwa Tanzania. Hell's Gate na miteremko ya Longonot ni mahali pazuri pa kumtafuta, kwenye miamba na mawe yaliyotapakaa. Gustav Fischer na Anton Reichenow ndio waliomweleza kisayansi mwaka 1884, na kumpa jina la mwanazuoni wa ndege wa Berlin, Herman Schalow. Dume ni jeusi lenye utosi wa kijivu-hudhurungi wenye mistari. Jike ni la hudhurungi yenye mistari hafifu. Lakini T ya mkia wake haikuchorwa juu ya weupe. Imechorwa juu ya rangi ya chungwa iliyofifia, na kiuno nacho ni cha rangi hiyo. Hapa ndipo watu huanza kuandika kwamba wameona ndege wa mkia wa kutu kutoka Ulaya, na hapa ndipo tunapoingia kwenye kundi la pili.

Ndege wa mkia wa kutu ni wa jenasi Phoenicurus, jamaa wa karibu wa viunovyeupe. Kuwachanganya na ndege wengine ni jambo la kale. Aristotle aliandika kwamba ndege huyu hugeuka kuwa kirobini wakati wa baridi na kurudia umbo lake kiangazi. Alikuwa mtazamaji mzuri. Huko Ugiriki mmoja huondoka karibu na wakati ambao yule mwingine hujitokeza, wote wana wekundu, na hakuna aliyejua Afrika inawahifadhi wapi waliotoweka. Kosa lake lilikuwa la kutojua njia ya safari, na ndilo kosa ambalo kumbukumbu nzuri za uwandani hulirekebisha.

Huyo wa kawaida, Phoenicurus phoenicurus, hukaa majira ya baridi katika ukanda wa savana kusini ya Sahara, kuanzia Senegal hadi Ethiopia. Wachache hufika Uganda na magharibi mwa Kenya. Kwa hiyo msomaji wa Dodoma au Mombasa asimtarajie; msomaji wa Gulu au Lokichoggio awe macho. Huyu si wa uwanda wazi. Hukaa kwenye matawi ya migunga, hushuka chini kudaka mdudu na kurudi, na mkia wake hautulii: hutetemeka haraka kila anapotua. Mkia wote ni wa rangi ya kutu isipokuwa manyoya mawili ya katikati yenye hudhurungi. Hakuna utepe nchani, kwa hiyo hakuna T. Dume lina paji jeupe, koo jeusi na kidari cha chungwa. Jike ni la hudhurungi laini, lenye uchungwa hafifu kidarini.

Ndugu yake mweusi, Phoenicurus ochruros, ni wa kutazamwa zaidi na wasomaji walioko Oman na Ghuba, ambako ndege wa jamii ya mashariki hukaa wakati wa baridi. Dume la jamii hiyo lina tumbo la rangi ya kutu, na ndiyo maana hudhaniwa kuwa lile la kawaida. Tazama weusi unakoishia: kwa la kawaida weusi ni wa koo tu, kwa huyu unashuka hadi kifuani. Jike lake ni la moshi, kijivu-hudhurungi juu na chini, bila uchungwa kidarini. Huko Oman kuna pia viunovyeupe wa jangwani na wa mchanga kwa wingi katika majira hayo, na kiunocheupe wa mkia mwekundu (Oenanthe chrysopygia), ambaye mkia wake ni wa kutu lakini una T. Anayeijua T hatawachanganya hawa.

Kwetu, wanaojifanya ndege wa mkia wa kutu ni wengine. Yupo mkesha wa miambani (Monticola saxatilis), mgeni wa msimu anayeonekana mahali pengi nchini Kenya na Tanzania: mkubwa, mnene, mdomo mrefu, mwili wa magamba, mkia mfupi mno. Yupo pia Oenanthe familiaris, ndege wa kijivu-hudhurungi wa miamba na vijiji, anayeishi Tanzania na maeneo kadhaa ya Uganda. Kiuno na mkia wake ni wa kutu, na kila anapotua hupepesa mabawa mara moja au mbili. Vinasaba vilionyesha katika karne hii kwamba yeye ni kiunocheupe kabisa, akahamishiwa jenasi ya Oenanthe. Aliyemtazama mkia hakupaswa kushangaa: utepe mweusi nchani, manyoya ya katikati meusi, ile T ileile.

Kuna ndege ambao hutawajua. Mwanga utakuwa mbaya, atakuwa mbali, ataruka mara moja tu na kutua nyuma ya mwinuko. Andika "Oenanthe, aina haikutambuliwa", tarehe, mahali, na alikuwa akifanya nini. Kumbukumbu ya namna hiyo ni ya kweli na ina kazi yake. Jina lililokisiwa huharibu ramani kwa miaka, maana atakayelisoma baadaye hana namna ya kujua kwamba lilikisiwa.

Na ramani hizi tunazihitaji sasa. Viunovyeupe wanataka nyasi fupi na udongo ulio wazi, na nyasi fupi huletwa na midomo ya ng'ombe, kondoo, swala na pundamilia wanaotembea. Kusini mwa Nairobi, upande wa Kitengela na Athi, ardhi imekatwa viwanja, imezungushiwa uzio na kujengwa. Penye viwanja vilivyofungwa bila mifugo nyasi hurefuka, na ndege wa kukimbia hana pa kukimbilia. Anayesimama kwenye waya wa uzio, yule wa rangi mbili, huenda akastahimili zaidi kuliko wa mchanga. Lakini hilo litajulikana tu kama tumewaandika kwa majina yao sahihi, wakati wangalipo.

Basi msimu ujao, kuanzia Oktoba, chagua uwanda mmoja ulio karibu nawe, uutembelee mara kwa mara hadi Machi. Andika upana wa utepe na urefu wa mguu wa T kabla ya kuandika jina lolote. Ukiwa Kenya peleka unachokiona kwenye Kenya Bird Map, ukiwa Tanzania kwenye Tanzania Bird Atlas, na ukipata picha ya mkia uliofunguka, itume pamoja nacho. Ukiwa Nairobi na huna wa kwenda naye, Nature Kenya huandaa matembezi ya kutazama ndege kila Jumatano asubuhi. Utakuta watu watakaokaa chini nawe kumsubiri ndege mmoja atue.